Mashavu yaliyokwenda na stavudini: uchambuzi wa kisa kimoja cha kuhamishia mafuta usoni

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 47, muuza vitenge wa Kariakoo, uzito kilo 58. Anatumia dawa za kufubaza VVU tangu 2005, haruki kliniki, na kwa miaka mingi kipimo cha wingi wa virusi kinarudi chini ya nakala 50. Kiafya hana la kulalamikia. Kilichomfikisha kwa daktari wa upasuaji ni uso: mashavu yamezama, panja zimebonyea, na akitafuna unaiona misuli ya taya ikicheza chini ya ngozi. Wateja vijana humuuliza kama anaumwa. Wa rika lake hawaulizi, kwa sababu sura ile wanaikumbuka.

Kisa ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojulikana vizuri katika tiba hii, na hakuna mtu mmoja ambaye yote haya yalimpata. Kimechaguliwa kwa sababu picha nyingi za “kabla na baada” zinazozunguka kwenye simu ni za nyuso zilizozeeka tu, na mwanamke huyu alikuja na matarajio aliyoyapata huko. Alitaka achukuliwe mafuta ya mwili wake, ajazwe mara moja, arudi dukani baada ya wiki akiwa na uso wa 2004. Mafuta yanaweza kuhamishwa. Hayo mengine mawili hayawezekani.

Uso huu haukuzeeka

Mafuta ya usoni yamegawanyika kwenye vifuko vilivyotengwa na kuta nyembamba. Rohrich na Pessa walivichora vizuri mwaka 2007. Umri ukienda, baadhi ya vifuko hupungua na vingine huteremka. Anayejaza uso wa namna hiyo anaongeza mililita 2 hapa, 3 pale, juu ya mafuta ambayo bado yapo.

Stavudini, dawa ya VVU aliyoanza nayo mgonjwa huyu, inafanya jambo jingine. Inakizuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli), seli ya mafuta inakosa nishati, inakufa. Zinazokufa ni zile za chini ya ngozi: usoni, mikononi, miguuni, makalioni. Hata bonge la mafuta la ndani kabisa ya shavu, ambalo mtu mwembamba wa kuzaliwa huwa nalo, husinyaa. Dawa hiyo, ikichanganywa na lamivudini na nevirapini kwenye kidonge kimoja, ndiyo iliyookoa maisha ya watu wengi wa Afrika Mashariki miaka ile, na ni vizuri kulisema hilo kabla ya kuilaumu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane nayo. Mgonjwa wetu alihamishiwa zidovudini mwaka 2010, ambayo ni ya ukoo uleule na huleta madhara hayohayo kwa mwendo wa polepole, kisha tenofovir mwaka 2013, na tangu 2019 anameza TLD, yaani tenofovir, lamivudini na dolutegravir kwenye kidonge kimoja. Dawa ikibadilishwa, mafuta ya miguu na mikono hurudi kidogo kidogo kwa miaka. Ya usoni mara nyingi hayarudi kwa kiasi cha kuonekana kwa macho.

Upungufu wa mafuta usoni hupimwa kwa madaraja 4. La 1 ni mbonyeo mdogo wa shavu. La 4 ni uso ambao ngozi imekaa moja kwa moja juu ya misuli hadi karibu na tundu la jicho. Yeye yuko daraja la 3. Kwa fundi, maana yake ni kwamba kiasi kinachohitajika ni kikubwa, mahali pa kuyapokea mafuta ni pembamba, na kosa lolote la juu juu litaonekana kama punje ya harage chini ya shuka.

Njia nyingine zilizungumzwa naye. Marekani iliidhinisha kijazio cha kudungwa cha asidi ya polilaktiki (Sculptra) mwaka 2004 kwa ajili ya hali hii hasa, kikafuata kingine, Radiesse, mwaka 2006, na mwaka 2010 bima yao ya Medicare ikakubali kulipia sindano hizo kwa wenye VVU waliopoteza mafuta ya uso na kupata sonona kwa sababu hiyo. Ni dawa nzuri, lakini hudungwa kwa awamu kadhaa na baada ya miaka 2 hivi hurudiwa. Kwa mtu anayelipa mfukoni mwake, mafuta ya mwili wake mwenyewe ni chaguo lenye akili, mradi ayakute ya kutosha. Silikoni ya majimaji inayodungwa kwenye vyumba vya nyuma vya saluni haikujadiliwa kama chaguo. Ikiingia haitoki, na uvimbe wake unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Mafuta yatatoka wapi

Hapa ndipo kisa kilipokaribia kuishia. Mama huyu ana kitambi, kiuno sentimita 96, na alikuja akiwa na hakika kwamba mafuta yamejaa pale. Akalazwa, tumbo likabanwa kwa vidole viwili. Mkunjo wa ngozi ulikuwa sentimita 1.5, yaani ngozi na utando mwembamba tu wa mafuta. Kitambi chake ni kigumu, hakishikiki, kwa sababu mafuta yako nyuma ya ukuta wa misuli, yamezunguka utumbo. Hakuna kanula, yaani mrija mwembamba wa kuchotea mafuta, inayopita huko. Ikipita imetoboa tumbo. Hii ndiyo sura ya mwili ambayo dawa za zamani ziliwaachia wengi: mafuta yameondoka chini ya ngozi na kujazana ndani.

Kanuni ya kazi ni kwamba mkunjo ukifika sentimita 2 au zaidi, panafaa kuchotwa. Mapajani hakukufika. Kwenye kiuno kwa nyuma, pale mkanda wa gauni unapobana, mkunjo ulikuwa sentimita 3 kila upande. Na nyuma ya shingo alikuwa na nundu laini, kubwa kama nusu ya chungwa, iliyojaa mafuta tele.

Nundu ile ilishawishi. Ingekuwa kutatua matatizo mawili kwa mkato mmoja: shingo inapungua, mashavu yanajaa. Lakini mafuta yaliyohamishwa hayasahau yalikotoka. Mwaka 2005 madaktari wa Modena, Italia, waliripoti wagonjwa wenye VVU waliojazwa mashavu kwa mafuta yaliyotoka kwenye maeneo kama nundu ya shingo, na baada ya miezi mashavu yakaendelea kukua kama nundu ilivyokuwa ikikua, yakavimba kama ya panya hamsta aliyebeba chakula. Kuyapunguza ni operesheni nyingine, safari hii karibu na neva za uso. Uamuzi ukawa kwamba nundu ishughulikiwe siku nyingine, na mafuta yake yatupwe. Yatakayotumika ni ya kiunoni.

Jambo lilelile linahusu uzito. Utafiti wa ADVANCE wa Afrika Kusini, uliotoa matokeo yake mwaka 2019, ulionyesha kuwa dolutegravir huongeza uzito, na wanawake huongezeka zaidi. Mafuta ya kiunoni yakishakaa shavuni, mwenyewe akinenepa nayo yananenepa, akikonda, yanakonda. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumpasua mtu ambaye uzito wake bado unapanda au kushuka. Yeye alikuwa amekaa kati ya kilo 57 na 59 kwa miezi 8. Angekuwa ndiyo kwanza amehamia TLD, angeambiwa asubiri.

Dawa na vipodozi

Wapo wanaoficha hali yao kwa daktari wa upasuaji kwa kuogopa kukataliwa. Hofu hiyo ina historia yake na haihitaji kubezwa, lakini hatari hapa haiko kwenye damu, kwani kila mgonjwa hushughulikiwa kwa tahadhari zilezile. Hatari iko kwenye dawa. Kama angekuwa kwenye mstari wa pili wa dawa, zile zinazotolewa za kwanza zikishindwa, mathalani atazanavir na ritonavir, midazolamu ya kumtuliza siku ya operesheni ingekaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida na kumzidishia usingizi, na sindano moja ya triamsinoloni, steroidi ya kuyeyusha kinundu, ingeweza kumvimbisha uso na kuzima tezi za juu ya figo kwa wiki nyingi. TLD haina mgongano huo. Ina mingine: tenofovir hupita kwenye figo, hivyo diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linakupa bila kuuliza, hazifai kwake baada ya operesheni. Atumie paracetamol gramu 1 kila saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku. Vidonge vya kuongeza damu na multivitamini yenye madini hunasa dolutegravir tumboni. TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, au vyote pamoja na chakula.

Vipimo vilikuwa vya kawaida: wingi wa damu, chembe sahani, muda wa kuganda, kreatinini (kipimo cha figo), sukari, wingi wa virusi. Aspirini na virutubisho vya vitunguu saumu na ginseng viliachwa siku 10 kabla. Sigara hakuvuta, anayevuta aache wiki 4 kabla na 4 baada, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ambayo ndiyo itakayolisha mafuta mapya.

Kulikuwa na mkorogo. Alikuwa akipaka mchanganyiko wenye steroidi, na ngozi ya mashavu ilikuwa imekonda mpaka mishipa inaonekana. Ngozi ya namna hiyo huchelewa kupona na hukaribisha maambukizi. Aliacha, akaahirishwa hadi ngozi ilipotulia, na hakufurahi. Aliulizwa pia kuhusu makovu ya kuota. Sikio lake lilitobolewa utotoni na halikuota kitu, ikawa nafuu. Hata hivyo matundu ya usoni yalipangwa yawe ya sindano namba 18, si mkato wa kisu, yafichwe kwenye nywele za panja na chini ya shavu.

Siku ya kazi

Alama huchorwa mgonjwa akiwa amekaa, taa ikiwa juu yake. Akilala, mashavu hutawanyika kuelekea masikioni na mbonyeo unajificha. Aliyechorwa amelala hujazwa mahali pasipo pake. Picha hupigwa upande wa mbele, robo mbili (uso umegeuzwa nusu kila upande) na pembeni mbili, kwa umbali mmoja na mwanga uleule. Bila hizo, mwezi wa 6 mtabishana kwa kumbukumbu.

Mpango ulikuwa hivi kwa kila upande wa uso: shavu la chini mililita 9, kitefute 3, panja 4, mkunjo wa pua hadi mdomo 1.5. Jumla ya pande zote mbili ni mililita 35 za mafuta yaliyosafishwa. Kwa kuwa karibu nusu ya kinachochotwa ni maji, damu na mafuta yaliyopasuka, ilibidi zichotwe mililita 75 hivi.

Hakulazwa kwa nusu kaputi. Alipewa ganzi na dawa nyepesi ya kumtuliza, pamoja na antibiotiki ya sefazolini kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla ya kuanza. Maji ya kuchotea yalichanganywa kwenye chupa ya dripu ya Ringer ya mililita 500 yenye lidokaini (dawa ya ganzi) miligramu 500 na adrenalini miligramu 0.5. Kiunoni ziliingia mililita 160, yaani lidokaini miligramu 160. Usoni ziliongezwa miligramu 100 zenye adrenalini. Jumla 260, ambazo kwa kilo 58 ni miligramu 4.5 kwa kilo, chini ya kikomo cha 7. Hesabu hii iandikwe ubaoni kabla ya sindano ya kwanza. Mgonjwa akisema midomo inakufa ganzi na masikio yanavuma, hizo ni dalili za lidokaini kuzidi mwilini, na kliniki isiyo na chupa ya mafuta ya mshipani ya asilimia 20 imekosa dawa muhimu ya kumwokoa.

Baada ya dakika 15, ngozi ya kiunoni ikishakuwa nyeupe na baridi, kanula butu ya milimita 3 iliingizwa ikiwa imeshikwa na bomba la sindano la mililita 10. Kisukumio cha bomba huvutwa mililita 1 au 2 tu. Ukiuvuta wote, bomba hujaa haraka na seli hupasuka. Unachopata ni mafuta ya kukaangia. Mabomba yalizungushwa kwenye sentrifuji mizunguko 3,000 kwa dakika, dakika 3, kama alivyofundisha Sydney Coleman wa New York miaka ya 1990. Yakitoka yana tabaka tatu: mafuta ya maji juu, chembe za mafuta katikati, damu na maji chini. Ya chini hufunguliwa yatoke, ya juu humwagwa na kunyonywa kwa kipande cha shashi. Pasipo na sentrifuji, mafuta huoshwa na kuachwa yatuame. Matokeo mazuri yamepatikana kwa njia zote mbili, kwa hiyo kliniki inayojinadi kwa mashine yake inauza mashine.

Kisha mafuta huhamishiwa kwenye mabomba ya mililita 1, na hapa ndipo ufundi ulipo. Seli ya mafuta iliyohamishwa haina mshipa. Siku 2 za kwanza hulishwa na majimaji yanayopenya kutoka pembeni, na mishipa mipya huanza kufika siku chache baadaye. Watafiti wa Tokyo waliokuwa na Kotaro Yoshimura walionyesha mwaka 2012 kwamba katika kila tone, seli zinazobaki hai ni zile za ukingoni, unene usiofika milimita 0.3. Tabaka linalofuata seli zake hufa lakini seli shina hubaki na kujenga nyingine. Katikati ya tone kubwa hufa kabisa. Kwa hiyo tone liwe dogo. Kanula butu inaingizwa hadi mwisho, na mafuta huachwa njiani wakati wa kuirudisha, mililita 0.1 au pungufu kwa kila mpito, kuanzia karibu na mfupa hadi chini ya ngozi. Mililita 35 kwa hesabu hiyo ni mipito isiyopungua 350. Anayemaliza uso mzima kwa dakika 20 amemwaga mafungu, na mafungu hayo ndiyo yatakayokuwa vinundu na vifuko vya mafuta baadaye. Operesheni hii ilichukua saa 2 na nusu.

Mgonjwa aliomba pia kati ya nyusi na mgongo wa pua. Alikataliwa. Ateri ndogo za pale zimeungana na ateri ya jicho. Mafuta yakiingia mshipani kwa shinikizo yanaweza kurudi nyuma hadi kwenye retina au ubongo, na mtu akaamka na jicho moja au na kiharusi. Kwa vijazio vya asidi ya hayaluroni kuna kimeng'enya cha kuviyeyusha. Kwa mafuta hakuna dawa ya kuyayeyusha, na retina ikikosa damu huharibika kabisa baada ya muda mfupi. Kinga ni kanula butu, kiasi kidogo, shinikizo dogo, kusogea muda wote, na kuyaacha maeneo yenye hatari kubwa kuliko faida.

Kuzidisha kulikubaliwa kwa asilimia 10 hadi 15 tu. Wapo wanaojaza nusu zaidi kwa hoja kwamba nusu itakufa. Ila mafuta yakibanwa hayapati hewa, na yale ya ziada ndiyo huyaua hata yale ambayo yangepona.

Wiki zinazodanganya

Uvimbe ulipanda hadi siku ya 3. Macho yalikuwa nusu, mdomo mzito, na simu zilikuwa nyingi. Kwenye ngozi nyeusi damu iliyovilia haionekani zambarau kama vitabuni. Inaonekana kama uso umeungua, na siku ya 6 inateremka shingoni, jambo linalowatisha watu bure. Alilala kwa mito miwili au mitatu, uso juu. Kukanda, barafu ya moja kwa moja na kulalia shavu vilikatazwa kwa wiki 3. Kiunoni alivaa mkanda wa kubana kwa wiki 3 pia, na kwa kweli maumivu yalikuwa huko zaidi kuliko usoni.

Siku ya 12 alijiona mrembo. Mashavu yalikuwa yamejaa, ngozi imenyooka, na aliporudi dukani watu walimwambia amenawiri. Picha nyingi za matangazo hupigwa siku kama hiyo. Unaoonekana pale ni uvimbe uliochanganyika na mafuta, na hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa macho. Wiki ya 5 uvimbe ulikuwa umekwisha na sehemu ya mafuta imekufa na kufyonzwa. Akapiga simu.

“Dokta, yameisha. Nimerudi kulekule.”

“Hayajaisha, mama. Njoo tupige picha, tuweke na ya siku ile kabla sijakugusa.”

Picha zilipowekwa pamoja, mbonyeo ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Yeye alikuwa akijilinganisha na siku ya 12. Hili linapaswa kusemwa kabla ya operesheni, liandikwe, na lisomwe tena siku ya kutoa nyuzi: uso wa wiki ya 2 si wako. Mafuta hubaki kati ya theluthi moja na theluthi mbili hivi, na hakuna daktari anayeweza kumtajia mtu namba yake kabla. Hutulia mwezi wa 3 au wa 4. Uamuzi wa kuongeza usifanywe kabla ya hapo.

Kinundu cha wiki ya 8

Chini ya kope la kushoto, pale kitefute kinapoanzia, kilitokea kinundu kigumu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Hakikuuma, hakikuwa chekundu, hakikuwa na joto.

Maswali ni matatu. Je, ni fungu la mafuta lililokaa juu mno? Je, ni kifuko cha mafuta yaliyokufa na kuzungukwa na utando? Au ni maambukizi? Swali la tatu hutangulizwa kwa sababu ndilo lisilosubiri. Uvimbe unaoanza baada ya wiki ya 3, wenye wekundu na unaotoa majimaji, usiosikia amoksilini, ushukiwe kuwa bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaoishi kwenye maji, kama Mycobacterium abscessus. Hutokea pale kanula zinapooshwa kwa maji ya bomba au zinaposafishwa ovyo. Usaha upelekwe kuoteshwa maabara na watajiwe kwamba hao ndio wanaotafutwa, kwa sababu kipimo cha kawaida huwakosa. Dozi ya wiki mbili haiwamalizi, ni miezi.

Altrasaundi ilionyesha duara jeusi la milimita 6 lenye ukingo mwembamba: kifuko cha mafuta. Sindano namba 18 ilivuta majimaji ya njano kiasi cha tone chache, kinundu kikalala. Ukuta uliobaki ulikandwa kwa kidole dakika 5 kila jioni, jambo ambalo wiki ya 2 lingekuwa kosa na wiki ya 9 ni tiba. Steroidi haikuhitajika. Chanzo hakikuwa kigumu kukijua: chini ya kope ngozi ni nyembamba mno, na ramani ya mpito ilionyesha mililita 0.5 ziliachwa pale kwa mikupuo michache mwishoni mwa kazi.

Mwezi wa 6

Shavu la kulia lilikuwa limebakiza mafuta kuliko la kushoto, tofauti ambayo yeye mwenyewe alihitaji kuonyeshwa. Vitefute vilikaa vizuri. Mkunjo wa pua hadi mdomo ulikuwa umerudi karibu wote, kama inavyotokea sehemu zinazochezeshwa mchana kutwa na mdomo. Panja zilibakiza robo hivi. Pale kuna misuli ya kutafuna chini na ngozi nyembamba juu, na yeye hakuwa na mafuta ya kupokea mafuta. Kutoka daraja la 3 alikuwa amefika kati ya 1 na 2.

Awamu ya pili ilipangwa mwezi wa 7: mililita 14 tu, nyingi zikienda panjani na shavu la kushoto, kidogo shavu la kulia, kutoka palepale kiunoni. Mafuta hayahifadhiwi kwenye jokofu kutoka awamu ya kwanza, kwani seli zilizogandishwa kwa njia za kawaida nyingi hufa na hatari ya maambukizi inapanda, huchotwa mapya. Gharama ya awamu hii ilikuwa imetajwa kwenye makubaliano ya mwanzo pamoja na altrasaundi, mkanda wa kubana na ada ya chumba cha upasuaji. Kliniki inayotaja bei ya awamu moja kwa uso wa daraja la 3 au la 4 ama haijui hali hii au inajua na inanyamaza; kwa vyovyote, jina la daktari liangaliwe kwanza kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kati ya mwezi wa 6 na wa 7 aliongezeka kilo 2. Awamu ikasogezwa mbele hadi uzito utakapokaa mahali pamoja kwa miezi 3, na mpango wa shavu la kulia ukafutwa: kilo mbili zile zilikuwa zimelijaza zenyewe.